Magauni Saba ya Mama Pasi

Habari ilifika nyumbani kabla ya mwenyewe. Mama Pasi alikuwa bado uwanjani anafungua kamba za viatu, na tayari mtaani walishaambiana kwamba yule mke wa fundi cherehani, yule anayecheza kriketi na kuwatoa wapigaji jasho, amekamatwa. Amekamatwa na nini? Hapo kila mmoja alijaza lake. Muuza mkaa alisikia amekamatwa na mpira wa bandia. Msusi wa nyumba ya pili alisikia ni mafuta aliyopaka kiganjani. Habari ilipofika mlangoni kwa Fundi ilikuwa imeshaota miguu na mkia: ati mkewe si mwanamke, ni mwanamume aliyenyoa ndevu.

"Ningejua," alisema Fundi, pini zikiwa mdomoni. "Tuna watoto wawili, na mimi sikumbuki kuzaa."

Mama yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, mahali anapoweza kumwona kila anayepita na kila anayepita akajua kwamba ameonwa. Tangu mke wa mwanawe alipoanza mambo ya kriketi, bibi huyu alikuwa na neno moja tu: mwanamke mzima, mashuka ya watu yamemshinda, anakwenda kuvaa suruali nyeupe ipate uchafu. Leo aliona Mungu amemjibu, lakini jibu lenyewe halikumpendeza. Kumsema mkamwana ni haki ya mama mkwe. Muuza mkaa nani amempa?

Mama Pasi aliingia, nyuma yake wifi yake, dada wa Fundi, ambaye ndiye kapteni wa timu. Jina la Mama Pasi alilipatia kwenye kiwanda cha kufulia nguo, anakofanya kazi mwaka wa kumi na mbili sasa, akinyoosha mashuka ya mahoteli. Alikaa kitandani bila kuvua soksi. Kapteni ndiye aliyeiweka karatasi juu ya cherehani.

"Mwamuzi hakupiga kelele," alisema. "Angenitangazia noboli, kwamba mpira ni haramu, mbele ya watu, ningemkaba. Alisubiri mechi iishe, akaniita pembeni kwa adabu zake, akanipa hii. Anashuku wifi anarusha."

"Si ndiyo kazi yake, kurusha mpira?" aliuliza mama mkwe.

"Mama, tazama." Kapteni alichukua kijiko. "Kwenye kriketi mpira huurushi. Unauzungusha. Mkono unapita juu ya bega hivi, kama gurudumu. Kiwiko kikiwa kimenyooka, sawa. Kikiwa kimepinda na kikabaki vilevile kimepinda, pia sawa. Lakini kikianza kimepinda, halafu mpira unapotoka kikanyooka, pa! hapo umerusha, kama mtu anayefukuza mbwa. Hilo ndilo kosa."

"Na huyu kafanya lipi?"

"Mwamuzi anasema la mbwa."

Wote walimgeukia Mama Pasi. Alikuwa ameunyoosha mkono wake wa kulia juu ya goti, yaani ameunyoosha kadiri unavyokubali, na haukuwa unakubali. Kiwiko kilibaki na kona yake, kama mlango usiofunguka wote kwa sababu nyuma yake kuna kabati.

"Huu haujanyooka miaka saba," alisema. "Nitanyoosha nini mimi?"

"Wewe unajua, sisi tunajua," alisema Kapteni. "Mwamuzi anaona mkono umepinda, unapita kasi, anahisi umenyooka. Kamati inakaa Ijumaa saa kumi. Mpaka hapo huruhusiwi kuzungusha hata mpira wa soksi. Ukishindwa kujitetea, unafungiwa mwaka mzima, na mechi zetu sita tulizoshinda zinafutwa. Wanataka ushahidi wa hospitali."

"Upo," alisema Mama Pasi. "Uko kiwandani, kwenye faili langu."

Fundi alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. Alilijua faili hilo.

*

Jumatatu watoto wa mtaani walikuwa wameshapata mchezo mpya. Mama Pasi akipita, wanakunja viwiko na kutembea kama kuku. Muuza nyanya, mtu mzima mwenye wajukuu, alimpa chenji kwa kuuzungusha mkono juu ya bega, akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. Mama Pasi aliipokea chenji yake, akaihesabu mbele yake taratibu, sarafu kwa sarafu, foleni ikarefuka nyuma.

"Imetimia," alisema. "Mkono wako mzuri, baba. Njoo Jumamosi tukusajili."

Kiwandani mvuke ulikuwa umeshajaa. Mashine za kufulia zinanguruma upande mmoja, upande wa pili wanawake wawili wawili wanashika mashuka pembe kwa pembe, wanayakung'uta, wanayalisha kwenye roli la moto. Mama Pasi hulisha kwa mkono wa kushoto na kuongoza kwa wa kulia. Mwenzake wa miaka yote, mwanamke mwenye bega moja chini kuliko lingine waliyembatiza Mizani, alimnong'oneza bila kugeuza uso:

"Meneja anakutafuta. Kavaa tai ya kamati."

Meneja alikuwa na ofisi ya vioo katikati ya jengo, ili aone wote na wote wamwone akiona. Kiwanda ndicho kinachonunua mipira ya ligi na kuosha sare za timu zote, kwa hiyo yeye ni mjumbe wa kamati. Siyo mtu wa matusi. Hata kukufukuza kazi angekufukuza kwa salamu.

"Kaa, mama. Habari za nyumbani? Mzee wa cherehani hajambo?"

"Hajambo, bosi. Nimekuja kuomba karatasi yangu ya ule mwaka wa ajali."

"Tumefikiria jambo moja." Faili lilikuwa tayari mezani. "Kamati imeniomba kumbukumbu zako. Nitazipeleka mwenyewe Ijumaa."

Alimgeuzia ukurasa. Mama Pasi alisoma polepole. *Alipata maumivu madogo ya mkono. Amepona kabisa. Kiwiko kinanyooka na kukunjika bila tatizo. Hana dai lolote.* Chini, muhuri wa kliniki ya kampuni, sahihi ya Meneja, na sahihi yake yeye, iliyotambaa kama mchwa amelewa.

Mvuke wa nje uliandika matone kwenye kioo. Mama Pasi aliusoma ule mstari wa tatu mara mbili.

"Bosi, ukiwapelekea hii utanimaliza. Wakisoma kiwiko kinanyooka, basi mwamuzi yuko sahihi, mimi ninarusha. Na wewe unajua hakinyooki. Kila siku unaniona hapo."

"Mimi najua kilichoandikwa," alisema Meneja kwa upole. "Ulisoma, ukatia sahihi. Ningekushauri ukubali yaishe. Mwaka mmoja si mwingi. Mchezo ni mchezo, mama; kazi ni kazi."

Alirudi kwenye mashuka. Mizani alimuuliza vipi, akajibu, "Nimepona. Imeandikwa." Mizani alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu na yeye alikuwa na karatasi yake.

*

Alhamisi jioni nyumba ilikuwa imejaa. Kapteni alikuja na wachezaji wawili, jirani alikuja kuazima chumvi na hakuondoka, watoto walikuwa chini ya meza ya kukatia nguo. Fundi alikanyaga cherehani bila kuacha, kwa sababu cherehani ikilia mtu haulizwi maoni. Mwishowe mkewe akainua mguu wake, akauweka juu ya mguu wa Fundi kwenye kanyagio. Kimya.

"Sema na wewe. Umekaa wiki nzima kama suruali ya mteja aliyehama."

Fundi alikata uzi kwa meno. "Mimi nasema uache. Nisikilizeni! Sisemi ana kosa. Lakini akisema karatasi ile ni ya uongo, anasema Meneja ni mwongo. Mbele ya watu. Halafu Jumatatu anaingilia mlango upi kazini? Mipira tutakula? Mwaka mmoja utapita."

"Kaka, na timu?" alifoka Kapteni. "Mechi sita!"

"Timu haina watoto wa shule."

"Ngoja," alisema Mama Pasi. Hakupandisha sauti, mvuke wa kiwandani ulimfundisha kwamba anayepiga kelele hasikiki. "Miaka kumi na miwili nanyoosha mashuka ambayo sitayalalia. Sijalalamika. Walipochukua mkono wangu nikatia sahihi kwamba hawakuuchukua. Sawa, tulikuwa na njaa. Lakini mpira ule ukitoka hapa," akaonyesha vidole, "ukagota chini ukageuka, yule mpigaji aliyesoma, mwenye glavu za bei, akabaki ameshangaa wiketi zake, vile vijiti vya nyuma yake, ziko chini, hicho ni changu. Hakuna aliyenipa, hakuna anayenikata. Sasa wanataka nikubali kwamba na hicho nilikiiba? Sikubali. Mkitaka kula, tutakula, nitafua kwa mikono uani. Sikubali!"

Jirani wa chumvi alisema, "Eeh," polepole, kama mtu aliye kanisani.

Mama mkwe hakuwa amesema neno jioni nzima, jambo ambalo lingetosha kuandikwa ukutani. Alikuwa akianua nguo kutoka kamba iliyofungwa kati ya dirisha na mlango. Alisimama mbele ya gauni la kijani la mkamwana wake, mikono mirefu, limetundikwa kwa henga na limekauka.

"Wewe Fundi," alisema. "Hili gauni mbona linanipungia mkono?"

Watu waligeuka. Mkono wa kushoto wa gauni ulining'inia wima. Wa kulia ulikuwa umejikunja kidogo kwenye kiwiko, wenyewe, hewani, bila mtu ndani.

"Ah, hilo," alisema Fundi. "Nimemkatia hivyo. Ukimshonea mkono wa kawaida, kitambaa kinajikusanya hapa ndani, kinamkwaruza. Kwa hiyo nakata upande wa nje mrefu, wa ndani mfupi, naweka vikunjo viwili vidogo kwenye kiwiko. Akivaa huoni kitu."

"Hili tu?"

"Yote. Gauni moja kila mwaka, tangu…" Akasita.

"Tangu lini?"

"Tangu alipotoa plasta." Fundi alikuwa ameshainuka. Alivuta daftari lake la vipimo kutoka chini ya mashine, lile nene lililofungwa kwa lastiki, ambalo kila mteja ana ukurasa wake na kila kipimo kina tarehe, maana watu hunenepa halafu wakamlaumu fundi. Alifunua kwa kidole chenye mate. "Huyu hapa. Gauni la harusi: mkono wa kulia, wa kushoto, sawasawa. La mwaka uliofuata, sawasawa. Halafu hapa… kulia, nje inchi ishirini na mbili, ndani kumi na tisa. Mwaka uliofuata hivyohivyo. Na uliofuata. Haujabadilika hata nusu inchi."

Chumba kizima kiliinamia daftari. Mama mkwe ndiye aliyeinuka wa kwanza.

"Mwanangu," alimwambia Fundi, na ilikuwa vigumu kujua kama anamsifu au anamgombeza, "umeshona vizuri mno. Ndiyo maana sote tumesahau kwamba mtoto wa watu ameumizwa." Kisha akamgeukia mkamwana wake. "Hayo magauni yako wapi? Yatoe yote. Na mimi kesho nakuja. Suruali zenu nyeupe sizipendi na sitazipenda, lakini kuitwa nyumba ya wezi sikubali."

*

Kamati ilikaa kwenye chumba cha nyuma ya uwanja, kati ya roli la kusawazishia nyasi na ndoo za chokaa. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Meneja alikaa kulia kwake. Kushoto alikaa mwamuzi aliyeandika ripoti, mtu mkimya ambaye siku za kazi ni fundi saa. Alikuwa na tabia ya kukitazama kila kitu kana kwamba kina gurudumu dogo ndani linalokwama.

Wageni hawakuwekewa viti vya kutosha. Mama mkwe aliketi juu ya ndoo ya chokaa, furushi mapajani, akakaa wima kuliko kamati yote.

Mwamuzi alisoma ripoti yake. Hakuna chuki. Mechi ya sita, ova ya nane na ya kumi, yaani zamu mbili za mipira sita sita, alisimama pembeni, aliona kiwiko kimepinda wakati mkono unapanda, na kwa macho yake kilinyooka mpira ulipotoka. Ni shaka, siyo hukumu. Sheria inamtaka aandike shaka yake.

Kisha Meneja akasoma karatasi ya kiwanda. Aliisoma vizuri, hata mahali pa kupumua alipumua. *Kiwiko kinanyooka na kukunjika bila tatizo.* Akaiweka mezani, akailaza kwa kiganja kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Basi kama kinanyooka…" alianza Mwenyekiti, akimtazama Mama Pasi kwa huruma ya kikazi.

"Samahani, mama Mwenyekiti," ilisema ndoo ya chokaa. "Kabla hujamaliza, nikusumbue kidogo."

Mama mkwe aliinuka, akafungua furushi. Gauni la kijani. La bluu. La maua. Jeusi la msibani. La kahawia lililopauka. La njano. Jipya la mistari, bado halijafuliwa. Aliyalaza mezani moja juu ya jingine, mikono imetandazwa, na yote saba, moja baada ya jingine, yalikunja kiwiko cha kulia palepale, kwa kona ileile.

"Hizi siyo karatasi," alisema. "Hizi ni nguo. Nguo haijui kutia sahihi."

Fundi alisogeza daftari mbele. Sauti yake ilitetemeka alipokuwa akieleza inchi za nje na inchi za ndani, lakini inchi zenyewe hazikutetemeka. Mwamuzi alilichukua gauni la kijani, akaugeuza mkono wake ndani nje, akavitazama vile vikunjo viwili kama anayekagua saa ya mkononi ya mtu mkubwa.

"Kazi safi," alisema. "Mama, naomba mkono wako."

Mama Pasi alimpa. Mwamuzi alishika mkono wa juu kwa kiganja kimoja, kifundo kwa kingine, akaunyoosha taratibu. Ulifika kwenye kona yake ukagoma. Alisukuma tena, kidogo zaidi.

"Usiogope, vuta," alisema Mama Pasi. "Mashine ilivuta zaidi yako."

Mwenyekiti alizunguka meza, akabadilisha miwani, akabonyeza kiwiko kwa vidole vilivyobonyeza viwiko vya watu miaka thelathini na mitano. Hakuchukua dakika.

"Mfupa umeungana vibaya na ukafunga," alisema. "Huu haunyooki leo, haukunyooka mwezi uliopita uwanjani, wala hautanyooka."

"Basi niliona mkono umepinda," alisema Mwamuzi polepole, "na jicho langu likamalizia lenyewe. Mkono unaobaki ulivyo siyo kosa. Naifuta shaka yangu. Samahani, mama."

Kapteni aliruka. Lakini Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu na bado hajaandika, anaitazama karatasi ya kiwanda, kisha magauni, kisha karatasi. Viwili hivyo havingeweza kukaa kwenye kumbukumbu moja ya kikao. Meneja alilijua hilo kabla yake.

"Mama Mwenyekiti, sote tumefurahi," alisema. "Nisingependa mambo madogo yaharibu siku njema. Andika tu: *mkono wa kuzaliwa*. Inatosha. Karatasi hii naiondoa, ilikuja kwa makosa ya faili. Mama anacheza kesho, timu inabaki na mechi zake, na Jumatatu sote tunaendelea na kazi." Alimtazama Mama Pasi, akatabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli; alikuwa anampa alichokuja kukitafuta. "Si ndiyo, mama?"

Ilikuwa rahisi mno. Maneno matatu. Kalamu ya Mwenyekiti, iliyochoka saa za alasiri, ilishuka yenyewe karibu na karatasi. Kapteni alimshika mkono, akamnong'oneza, "Wifi, kubali. Kesho tunacheza. Kubali."

Mama Pasi alimtazama mumewe. Alimjua. Fundi ni mtu ambaye mteja akimrudishia nguo kwa uonevu huifumua akaishona upya, bure, na kuomba radhi juu. Fundi aliyatazama magauni yake saba. Miaka saba amekaa usiku na mchana akitafuta namna ya kufanya kile kiwiko kisionekane. Akalivuta daftari, akafunua nyuma, nyuma zaidi, akaligeuza upande wa Mwenyekiti, na kuweka kidole.

"Gauni la harusi," alisema. "Mikono sawasawa. Nilimpima mwenyewe. Hakuzaliwa hivi."

"Fundi, fikiria," alisema Meneja.

"Nimefikiria, bosi. Nimefikiria kwa inchi."

Mama Pasi alisimama.

"Andika, mama Mwenyekiti. Nilizaliwa na mikono miwili iliyonyooka. Wa kulia ulivunjwa na mashine namba nne ya kukamulia, pale kiwandani. Kufuli la mlango wake lilikuwa bovu wiki tatu, tukaambiwa tuufungue kwa kuuvuta, pipa bado linazunguka. Siyo maumivu madogo. Siyo kuzaliwa. Andika na namba ya mashine, bado ipo, na kufuli bado ni bovu."

"Kwa hiyo unakiri kwamba ulitia sahihi uongo," alisema Meneja. Sasa upole ulikuwa umechanika pembeni.

"Nakiri. Tazama sahihi yenyewe." Aliichukua karatasi kutoka chini ya kiganja cha Meneja, akampa Mwamuzi. "Wewe una macho ya saa. Hiyo imeandikwa kwa mkono upi?"

Mwamuzi aliisogeza kwenye mwanga. "Wa kushoto," alisema. "Wa mtu asiyeandikia kushoto."

"Wa kulia ulikuwa bado ndani ya plasta, kutoka hapa mpaka hapa. Siku hiyo hiyo inayosema nimepona kabisa. Yeye ndiye aliyenishikia karatasi isiteleze."

Mama mkwe alianza kuyakunja magauni, moja moja.

Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Aliandika yote, na namba ya mashine. Kisha akaandika nakala, akaipiga muhuri wa ligi, akampa Mama Pasi mkononi. Meneja alikuwa ameshasimama, anafunga kifungo cha koti.

"Jumatatu asubuhi, ofisini kwangu," alisema.

"Nitakuja," alisema Mama Pasi. "Na hii."

*

Jumamosi uwanja ulijaa kuliko kawaida, kwa sababu mtaa mzima ulikuja kumtazama mhalifu aliyeachiwa. Mama mkwe alikuja na kigoda chake. Alipomwona mkamwana wake anaingia na suruali nyeupe alifumba macho kwanza, kisha akayafungua.

Kwa upande wa wapinzani palikuwa na vijana wenye vuvuzela wanaokunja viwiko. Mama Pasi alichukua mpira, akaufuta kwenye paja, akamtazama Mwamuzi aliyesimama pembeni, mikono nyuma. Alikimbia hatua zake tano. Mkono ulipanda, ukapita juu ya bega na kona yake yote, haukujificha ndani ya kitambaa cha mtu. Mpira uligota chini, ukafikiria, ukageuka.

Mwamuzi hakuinua mkono. Hakusema noboli. Mpigaji aligeuka nyuma kuzitazama wiketi zake, na alikuwa wa mwisho uwanjani kujua.

"Sasa nani kuku?" aliuliza mama mkwe, kwa sauti, vuvuzela zikiwa zimenyamaza. Kisha akamgeukia muuza nyanya aliyekaa karibu naye. "Na wewe ulikuwa unazungushazungusha chenji. Nimeambiwa."

*

Jumapili mchana mtu alibisha hodi kwa Fundi. Alikuwa Mizani, na nyuma yake mwanamke wa kitengo cha pasi mwenye vidole viwili visivyokunjika, na nyuma yake wengine wanne, na kwenye kona ya mtaa wengine walikuwa bado wanaulizia nyumba. Hakuna aliyebeba kitambaa.

"Kesho unakwenda ofisini," Mizani alimwambia Mama Pasi. "Kwa nini uende peke yako? Karatasi yangu inasema bega limepona. Ya huyu inasema vidole vimepona. Wote tumepona, tumepona mpaka basi." Akamgeukia Fundi. "Shemeji, tupime."

"Niwapime nini? Mnashona nini?"

"Hatushoni. Tupime tu. Kulia na kushoto. Andika na tarehe."

Fundi alimtazama mkewe. Cherehani ilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza hakuihitaji. Alilifungua daftari ukurasa mpya, akavuta futi yake ya kitambaa shingoni. Mama yake alikuwa ameshahamisha kigoda kutoka dirishani mpaka mlangoni, anapanga foleni na kumfokea aliyetaka kupita mbele.

"Kwa zamu! Kwa zamu, jamani, hapa siyo kiwandani!"

"Bega lipi?" aliuliza Fundi.

"Yote mawili," alisema Mama Pasi, akampa kalamu. "Ili tofauti ionekane."